Pesa za arubaini ya mtoto: tuziweke wapi hadi afike miaka 18?

Wifi yangu alitoka arubaini ya uzazi hapa Leicester, kwenye ukumbi mdogo ulio nyuma ya msikiti. Watu walileta pilau, walileta kanga, na walileta bahasha. Usiku wageni walipokwisha kuondoka tulizifungua pamoja, mtoto amelala katikati yetu kitandani. Pauni 640. Wifi akazitia kwenye mkebe wa biskuti, akaupandisha juu ya kabati, kisha akaniuliza: "Wifi, hizi zikae wapi mpaka huyu awe mtu mzima, zisije zikaliwa na maisha?"

Swali hilo mimi mwenyewe nilichelewa kuliuliza, na mwanangu wa kwanza ndiye aliyelipa gharama ya kuchelewa huko. Kwa hiyo nilimwomba wifi anipe wiki tatu nikae na karatasi na kikokotoo. Haya hapa chini ndiyo niliyompelekea, nimeyapanua kidogo kwa ajili ya wazazi wengine wa Uingereza wanaoongea Kiswahili. Mimi si mshauri wa fedha. Ni mama mwenye watoto wawili na akaunti mbili.

Kufuli kwanza, mfuko baadaye

Wengi wetu huanza kwa kuuliza mfuko upi unakua haraka. Mimi naanza na kufuli, kwa sababu nimeona jinsi pesa za watoto zinavyokwisha katika familia zetu. Haziibwi. Simu inaingia saa tano usiku: baba mdogo kalazwa Tanga, au mpwa kafukuzwa shule kwa ajili ya ada, au kuna kiwanja kinauzwa haraka haraka na mwenyewe anataka jibu kabla ya Ijumaa. Zote ni shida za kweli, na mtu aliye na akiba mkononi hawezi kusema hana. Unaahidi kurudisha mwaka unaofuata. Mtoto anaanza shule ya msingi, mkebe bado mtupu.

Uingereza kuna kufuli lililotengenezwa kwa kazi hii, nalo ni akaunti ya mtoto inayoitwa Junior ISA. Lilianza Novemba 2011. Kwa mtoto wa chini ya miaka 16 anayefungua ni mzazi au mlezi wa kisheria peke yake, lakini akishafungua, yeyote anaweza kuweka: bibi, shangazi, jirani. Kikomo kwa sasa ni pauni 9,000 kwa mwaka wa kodi, yaani kuanzia tarehe 6 Aprili hadi 5 Aprili. Ukuaji na gawio, yaani faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa, havitozwi kodi. Pesa zikishaingia ni mali ya mtoto, na hazitoki hadi atimize miaka 18. Hata wewe uliyeziweka huzitoi, hata uwe na msiba, hata uwe na kiwanja cha ndoto. Zinafunguliwa mapema ikiwa tu mtoto ana ugonjwa usioponyeka au amefariki.

Ukali huo unawatisha wengi. Wenzangu kadhaa wanapendelea kumwekea mtoto ndani ya ISA yao wenyewe ya watu wazima, ambayo kikomo chake ni pauni 20,000 kwa mwaka. Ina faida moja kubwa, nayo ni kwamba ufunguo unabaki kwako. Unaamua mwenyewe kumpa kijana pesa akiwa na miaka 18, 22 au siku ya harusi yake. Udhaifu wake ni huo huo: ufunguo uko kwako, na simu ya saa tano usiku inajua namba yako.

Kuna jambo la pili ambalo halizungumzwi vya kutosha, nalo linagusa nyumba nyingi za watu wetu. Familia inayopokea Universal Credit, ule msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo, hupunguziwa malipo akiba ya wazazi ikivuka pauni 6,000, na ikivuka pauni 16,000 malipo hukatika. ISA ya mzazi inahesabiwa humo. Junior ISA ya mtoto haihesabiwi kama akiba ya mzazi, kwa sababu si mali ya mzazi. Kaka yangu anaendesha teksi, wifi alikuwa akifanya kazi ya saa chache ghalani kabla hajajifungua, na wanapata msaada huo. Kwao hoja hii peke yake inatosha kuamua.

Kwa pesa za arubaini nina hoja nyingine iliyo karibu zaidi na moyo wangu. Wale wageni hawakumtunza wifi. Walimtunza mtoto. Zawadi aliyopewa mtoto ni mali ya mtoto, wazazi ni waangalizi tu. Basi ziingie mahali ambapo jina lililoandikwa ni lake.

Hofu ya wifi ni ile ya kila mama: "Akifika miaka 18 akanunua gari la kifahari?" Inawezekana. Kisheria zitakuwa zake na hakuna wa kumzuia. Mwanangu mkubwa namwonyesha akaunti yake mara mbili kwa mwaka tangu alipokuwa na miaka minane, tunasoma pamoja majina ya kampuni anazomiliki vipande vyake, na sasa ananiuliza mwenyewe. Akifika miaka 16 ataruhusiwa kuisimamia, ingawa kutoa bado hataweza, na naona miaka hiyo miwili ni ya mafunzo mazuri. Anayeogopa sana anaweza kugawa: tunzo za watu kwenye Junior ISA, na nyongeza zake za kila mwezi kwenye ISA yake mwenyewe.

Ipo pia pensheni ya mtoto. Unaweka hadi pauni 2,880 kwa mwaka na serikali inaongeza 720 juu yake, jumla 3,600. Ni zawadi kubwa mno kwenye karatasi. Lakini mtoto hataigusa mpaka uzee umkaribie, na anaposhikwa na ada ya chuo au amana ya nyumba haimsaidii kitu. Kwa mwenye pesa za kumwagika, sawa. Kwa wengine wetu naiweka pembeni.

Taslimu au hisa: nyumba moja, watoto wawili

Junior ISA ziko za aina mbili, ya pesa taslimu na ya uwekezaji, na mtoto anaruhusiwa kuwa na moja ya kila aina. Hapa nina ushahidi wa ndani ya nyumba yangu.

Mkubwa nilimfungulia ya taslimu mwaka 2014, pauni 20 kila mwezi, kwa sababu aliyenihudumia siku hiyo aliniambia ndiyo iliyo salama na mimi sikuwa na neno la kumuuliza. Mdogo alizaliwa mwishoni mwa 2017, na kabla hajatimiza miezi mitatu nikamfungulia ya uwekezaji kwenye mfuko wa indeksi (nitaueleza chini), pauni 20 zile zile. Mwisho wa 2022 nilizilinganisha. Kila pauni 100 nilizomwekea mkubwa zilikuwa zimefika kama 105. Za mdogo, zilizokaa muda mfupi zaidi, zilikuwa zimefika kama 130. Na huo ndio mwaka ambao mfumuko wa bei Uingereza ulifika asilimia 11.1 mwezi Oktoba. Akaunti "salama" ya mwanangu ilikuwa inapungua thamani kila nilipokwenda sokoni, bila namba kwenye skrini kuonyesha chochote. Na ile riba ndogo iliyoingia, mimi kwa imani yangu nilikuwa natoa kiasi chake sadaka kutoka mfukoni. Niliumia sana siku ile, kwa sababu miaka minane ya mtoto hairudi.

Lakini nisimfiche wifi upande wa pili. Machi 2020, maradhi ya korona yalipofunga dunia, akaunti ya mdogo ilipoteza karibu sehemu moja ya tano ndani ya wiki chache. Nilikuwa naifungua simu usiku, naitazama, naifunga. Nilitaka kuhamishia kila kitu kwenye taslimu. Mume wangu akaniuliza, "Huyu ana miaka miwili. Unamwuzia haraka ya nini?" Sikuuza. Indeksi ya S&P 500, ya kampuni kubwa za Marekani, iliyoanguka asilimia 34 kati ya tarehe 19 Februari na 23 Machi mwaka ule, ilikuwa imerudi ilipotoka kufikia Agosti. Si mara zote inakuwa haraka hivyo. Mwaka 2008 hisa za nchi tajiri kwa ujumla zilipoteza karibu asilimia 40, na aliyekuwa akihitaji pesa zake mwaka ule alirudi nyumbani na machozi.

Kwa hiyo kigezo changu ni umri. Mtoto mchanga ana miaka 18 ya kuvumilia, hisa zinamfaa. Mtoto wa miaka 15 anayetaka pesa za chuo hana muda huo, na kwake taslimu ina nafasi yake. Mkubwa wangu nilimhamishia kwenye uwekezaji, na akikaribia 15 nitaanza kurudisha sehemu kidogo kidogo. Ukihamisha, jaza fomu ya uhamisho ya kule unakokwenda na waachie wao kazi.

Mfuko upi?

Indeksi ni orodha ya kampuni iliyopangwa kwa kanuni inayojulikana, kwa kawaida kampuni kubwa ikipewa uzito mkubwa. Mfuko wa indeksi hununua orodha nzima, bila meneja wa kulipwa kwa kubashiri ipi itapanda. Ndiyo maana ada yake ni ndogo. John Bogle wa kampuni ya uwekezaji ya Vanguard alipofungua mfuko wa aina hii kwa wawekezaji wa kawaida Marekani mwaka 1976, alitegemea kukusanya dola milioni 150, akapata milioni 11 na kitu. Watu waliona ni wazo la kizembe kukubali kupata wastani wa soko. Leo ndiyo njia ya mamilioni ya watu.

Hii ndiyo orodha fupi niliyomchorea wifi. Ada ni za mfuko wenyewe kwa mwaka, na hubadilika, kwa hiyo zisome tena siku unayonunua.

| Inafuata nini | Ina nini ndani | Ada |
|---|---|---|
| FTSE Global All Cap (Vanguard) | Kampuni zaidi ya 7,000, kubwa kwa ndogo, nchi tajiri na zinazoinukia | kama asilimia 0.23 |
| FTSE All-World (HSBC na wengine) | Maelfu ya kampuni kubwa na za kati, dunia nzima | HSBC kama asilimia 0.13 |
| S&P 500 | Kampuni 500 kubwa za Marekani tu | mara nyingi chini ya asilimia 0.1 |
| FTSE 100 | Kampuni 100 kubwa za soko la London | takriban asilimia 0.1 |
| Dow Jones Islamic Market Titans 100 (HSBC) | Kampuni 100 zilizochujwa kisharia | kama asilimia 0.3 |
| MSCI World Islamic (iShares) | Mamia ya kampuni za nchi tajiri zilizochujwa kisharia | asilimia 0.3 |

FTSE 100 ndiyo wengi wanayoisikia kwenye habari, wakadhani ndiyo soko lenyewe. Ilifika karibu 6,930 siku za mwisho za 1999, na haikuvuka hapo mpaka Februari 2015. Miaka 15, ukiacha gawio. Mtoto aliyezaliwa siku ile alikuwa anavunja sauti ndipo namba ikarudi. Hisa za Uingereza ni chini ya asilimia 5 ya soko la dunia. Tunaishi hapa, tunafanya kazi hapa, pauni zetu ziko hapa. Sioni sababu ya akiba ya mtoto nayo kubanwa hapa hapa.

S&P 500 ni ngumu zaidi kuijadili kwa sababu imekimbia sana miaka ya karibuni, na shemeji yangu mmoja haachi kunitumia picha za michoro yake. Nakubali, imefanya vizuri mno. Lakini kuanzia 2000 hadi 2009 aliyeishikilia miaka yote kumi alitoka na hasara kidogo, hata ukimhesabia gawio. Na kuna kisa cha Japani ninachomsimulia kila anayeniambia nchi moja inatosha. Mwishoni mwa miaka ya 1980 soko la Japani lilikuwa kubwa kuliko la Marekani, hakuna aliyetaka kusikia habari za nchi nyingine. Nikkei, indeksi ya soko lao, ilifika 38,915 tarehe 29 Desemba 1989. Ilivuka kiwango hicho tena Februari 2024. Mtoto wa Tokyo aliyewekewa akiba yake kwenye kilele kile angetimiza 18, angeoa, angepata watoto, namba bado haijarudi.

Sisemi Marekani itakuwa Japani. Nasema mimi sijui, na miaka 18 ni mingi. Mfuko wa dunia nzima haunilazimishi kujua. Marekani ikiendelea kutamba, tayari ni zaidi ya asilimia 60 ya mfuko. Ikishuka na India au Ulaya ikapanda, orodha inajipanga upya yenyewe bila mimi kuamka usiku. Ndiyo maana kwa familia isiyo na sharti la sharia, kati ya Global All Cap na All-World naona ni sawa na kuchagua kati ya wali wa nazi wa nyumba hii na wa nyumba ile. Ya kwanza ina kampuni ndogo pia, ya pili kwa HSBC ni nafuu kidogo. Chukua iliyopo kwenye jukwaa lako (kampuni inayokutunzia akaunti) lenye ada ndogo, usipoteze mwezi mzima kulinganisha.

Kuna mifuko mchanganyiko pia, kama LifeStrategy 80 ya Vanguard, yenye hisa asilimia 80 na hatifungani 20. Inapunguza mtikisiko, na kwa mzazi anayejua hatalala soko likianguka inaweza kuwa ndiyo inayomfanya asiuze. Ila mwaka 2022 hisa na hatifungani zilianguka pamoja, kwa hiyo usiichukue kama mwavuli usiovuja. Kwa mtoto mchanga sioni haja. Na hatifungani ni mkopo wenye riba, jambo linalonipeleka sehemu inayofuata.

Kwa anayekwepa riba

Sisi wa pwani wengi ni Waislamu, na swali la kwanza la wifi lilikuwa kama kuna njia isiyo na pombe, nguruwe, kamari wala benki za riba. Ipo, na ni nzuri, ila ina gharama zake ambazo nataka uzijue mapema.

Mfuko wa HSBC wa Kiislamu ndio walionao watoto wangu. Kampuni zinachujwa kwa aina ya biashara na kwa kiwango cha madeni yao, na mapato kidogo yasiyo safi yanayopenya hutolewa sadaka na mfuko wenyewe. Tatizo ni wembamba wake. Kampuni ni 100 tu, na kumi za juu hubeba karibu nusu ya mfuko au zaidi, nyingi zikiwa za teknolojia ya Marekani: Microsoft, Apple, Nvidia. Ukuaji wake mzuri wa miaka iliyopita umetoka hapo, na anguko lake likija litatoka hapo hapo. Nikisema nyumbani kwangu tumeridhika nayo, siwezi kusema ina upana wa dunia nzima.

Ya iShares, MSCI World Islamic, imetawanya uzito zaidi katika kampuni mamia kadhaa. Kwa upande wa upana ningeitanguliza. Ila inauzwa sokoni kama hisa, hivyo baadhi ya majukwaa hutoza kila unaponunua, na gawio lake linalipwa nje badala ya kubaki ndani. Lazima mtu akumbuke kulirudisha. Kwa anayeweka pauni 25 au 50 kila mwezi, usumbufu huo unakula mfuko taratibu. Anayeweka mara moja au mbili kwa mwaka, kwa mfano baada ya Idi mtoto anapopewa mkono wa Idi, kwake inafaa sana.

Kwa ule wa HSBC na mingine isiyouzwa sokoni kama hisa, chagua toleo la kulimbikiza, lenye alama ya "Acc" mwishoni mwa jina, gawio lijirudishe lenyewe.

Jambo moja la ziada ambalo maduka ya fedha hayatakuambia. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu kuanzia Lamu hadi Kilwa, mali ya mtoto ikifika nisabu, yaani kiwango cha chini cha kutolea zaka, na kupitiwa na mwaka hutolewa zaka, na mwenye jukumu la kuitoa ni mlezi wake. Wahanafi wanasema tofauti. Junior ISA haikuruhusu kuchomoa kiasi cha zaka, kwa hiyo mimi hutoa kutoka mfukoni mwangu. Muulize sheikh wako kabla akaunti haijawa kubwa, ujue namna ya kuhesabu hisa zilizo ndani.

Na ukiniuliza kwa nini nahangaika kiasi hiki, jibu ni ada ya chuo. England kwa mwaka wa masomo 2025/26 ni hadi pauni 9,535 kwa mwaka, na mkopo wa serikali wa kuilipia una riba. Vijana wengi wa jamii yetu wanakaa mezani wakiwa na barua ya kukubaliwa mkononi, wakichagua kati ya chuo na dhamiri yao. Sitaki wanangu wakae kwenye meza hiyo bila kitu chochote mkononi.

Ada, hasa kwa mwenye pauni 50

Hapa ndipo familia ndogo zinapoumizwa kimya kimya. Kuna ada mbili: ya mfuko, ambayo umeiona juu, na ya jukwaa linalokutunzia akaunti. Jukwaa linaweza kutoza asilimia fulani au kiasi maalumu kila mwezi. Chukua pauni 4 kwa mwezi, inaonekana bei ya kahawa. Kwa mwaka ni 48. Mtoto aliyewekewa pauni 50 kwa mwezi ana 600 mwaka wa kwanza, kwa hiyo asilimia 8 ya jasho lako imeondoka kabla soko halijafungua mlango. Ada ya asilimia 0.45 juu ya 600 ni pauni 2.70 tu. Akaunti ikiwa na makumi ya maelfu hesabu inageuka, kiasi maalumu kinakuwa nafuu. Kwa watoto wetu wengi asilimia ndiyo afadhali. Na afadhali zaidi ni jukwaa lisilotoza ada ya akaunti kwa Junior ISA kabisa. Fidelity ni mmojawapo wakati ninapoandika.

Nilimfanyia wifi hesabu hii. Ni mfano wa kikokotoo tu, soko halikuahidi chochote. Pauni 50 kila mwezi kwa miaka 18 ni 10,800 ulizoweka. Zikikua asilimia 5 kwa mwaka bila ada zinafika kama 17,460. Toa ada ya jumla ya asilimia 0.25 zinabaki kama 17,000. Toa asilimia 1.5, ambayo mifuko yenye mameneja na majukwaa ya gharama hufika kwa urahisi, zinabaki kama 15,000. Pauni elfu mbili za mtoto zimekwenda kwa watu wasiomjua.

Na kuwekeza nyumbani je?

Kaka yangu alipendekeza Mfuko wa Watoto wa UTT AMIS, kampuni ya mifuko ya uwekezaji ya Tanzania. Naujua na nauheshimu. Ulianza 2008, ni wa watoto walio chini ya miaka 18, na unachanganya hisa na dhamana za serikali za Tanzania. Kwa wapwa zangu walioko Tanga ndio ninaowashauri, kwa sababu watasoma na kuishi kwa shilingi. Si mfuko wa indeksi, mameneja ndio wanaochagua, na zile dhamana za serikali zina riba. Mtoto wa wifi atalipa ada na kodi ya nyumba kwa pauni, na shilingi ikishuka dhidi ya pauni ukuaji wote unaliwa njiani. Hata familia ikirudi Tanzania kabla hajakua, Junior ISA iliyokwisha kufunguliwa inabaki, na sheria inaruhusu kuendelea kuiongezea. Mpya ndiyo haifunguliwi kirahisi ukiwa nje.

Alichochagua wifi

Junior ISA ya uwekezaji, mfuko wa Kiislamu wa HSBC toleo la kulimbikiza, kwenye jukwaa lisilotoza ada ya akaunti. Pauni 640 ziliingia zote Jumatatu, na pauni 25 zitaingia kila tarehe 2 ya mwezi, siku moja baada ya kaka kulipa kodi ya nyumba. Zamu yake ya upatu ikifika ataongeza. Upande wa wembamba wa mfuko tumekubaliana tuutazame tena mtoto akifika miaka mitano, pengine nusu ihamie kwenye ule wa iShares.

Kisha nikamwuliza wifi kuhusu binti yao wa kwanza, aliyezaliwa hapa Leicester mwaka 2009. Watoto waliozaliwa Uingereza kati ya tarehe 1 Septemba 2002 na 2 Januari 2011 walifunguliwa na serikali akaunti iliyoitwa Child Trust Fund, wengi wakiwekewa pauni 250 za kuanzia, na familia za kipato kidogo 500. Mamia ya maelfu ya vijana waliokwisha kufika miaka 18 hawajadai zao, kwa sababu familia zilihama nyumba na barua zikapotea. Wifi hakuwahi kusikia. Kaka alikumbuka barua fulani, zamani, kabla hawajahama. Tumeomba taarifa HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, kutafuta ni bure, na ikipatikana inaweza kuhamishiwa kwenye Junior ISA kabla binti hajafika 18.

Mkebe wa biskuti bado uko juu ya kabati. Ndani tumeweka karatasi moja yenye jina la mtoto, jina la jukwaa, namba ya akaunti, na majina ya wageni wote 31 waliotoa bahasha siku ile ya arubaini.